Lucy Wills na Damu ya Akina Mama wa Bombay



Ndugu zangu wasomaji, ukurasa huu wa wasifu umezoeleka kwa maulamaa na wanazuoni wetu wa zamani. Najua wako watakaoshangaa kuona safari hii tunasoma maisha ya mwanamke wa Kiingereza ambaye hakuwa Muislamu. Naomba subira yenu mpaka tufike Bombay, maana huko ndiko habari yake inapokutana na yetu.

Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya kidonge. Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, pale Buyenzi, alipewa kituo cha afya vidonge vya madini ya chuma vilivyochanganywa na asidi ya foliki. Vikamchafua tumbo, akaacha kuvimeza bila kumwambia mtu. Mwezi wa saba akaanguka akitandika kitanda. Alhamdulillah, yeye na mtoto wako salama, lakini nakumbuka viganja vyake siku ile, vyeupe kama vimepakwa unga. Nami nilikuwa mwanafunzi wa dini niliyekwisha kusoma tafsiri ya Surat Abasa. Nilijua kwamba mwanadamu ameamrishwa akitazame chakula chake, lakini nisingeweza kumweleza mama yangu kile kidonge kina nini ndani yake na kwa nini viwili vile vikae pamoja. Nilipouliza, jina moja likawa linarudi kila mara: Lucy Wills.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 katika mji wa Sutton Coldfield, karibu na Birmingham. Ukoo wa baba yake walikuwa watengenezaji wa zana za makali, miundu na fyekeo, kwa hiyo twaweza kusema kwa mzaha kwamba chuma alikijua nyumbani kabla ya kukijua maabara. Baba alikuwa amesoma sayansi na hakuona haya kuwasomesha mabinti. Lucy alipelekwa shule ya Cheltenham, miongoni mwa shule chache za wasichana wakati ule zilizofundisha sayansi na hisabati kwa uzito, na mwaka 1907 akaingia chuo cha Newnham, Cambridge, kusoma elimu ya mimea na ya miamba. Alimaliza mitihani mwaka 1911. Shahada hakupewa. Cambridge iliwaruhusu wanawake kusoma na kufanya mitihani, lakini haikuwapa shahada kamili mpaka mwaka 1948.

Mwaka ule ule wa 1911 baba yake alifariki, na miaka miwili baadaye akafariki dada yake mkubwa, akiwa na umri wa miaka 26. Lucy na mama yake wakasafiri hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1914 akaenda Afrika Kusini pamoja na kaka yake mdogo. Vita Kuu ilipolipuka alikuwa huko huko, akajitolea kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Cape Town. Inaelekea hapo ndipo mawazo yake yalipohama kutoka kwenye mimea kwenda kwa watu, kwani baada ya kurudi Uingereza alijiandikisha, mwanzoni mwa mwaka 1915, katika Chuo cha Udaktari cha Wanawake cha London, cha kwanza nchini humo kufundisha madaktari wanawake. Akahitimu mwaka 1920, akiwa na miaka 32. Nawakumbusha dada zangu mnaodhani kwamba mmechelewa kwa sababu mmefikisha miaka 24 na bado mko mwaka wa kwanza.

Udaktari wa kukaa na wagonjwa kliniki haukumvuta. Alibaki hospitali ya Royal Free, London, akifundisha na kuchunguza yanayobadilika ndani ya mwili wa mwanamke anapobeba mimba. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha India.

Miaka ile akina mama wengi wa Bombay walikuwa wakifa wakati wa ujauzito na uzazi, na ukafunguliwa uchunguzi maalumu wa vifo hivyo. Daktari Margaret Balfour, aliyekuwa amefanya kazi India kwa muda mrefu, akamwita Lucy Wills ashughulikie upande wa damu. Alifika mwaka 1928, akapewa nafasi katika Taasisi ya Haffkine. Bombay ilikuwa mji wa viwanda vya pamba, na familia za wafanyakazi zilibanana katika vyumba vidogo. Wagonjwa walikuwa wanawake wajawazito waliopauka, waliovimba miguu, wanaohema kwa kupanda ngazi chache tu. Wengine walifariki siku chache kabla au baada ya kujifungua.

Katika uchunguzi wa mwanzo ilionekana kwamba ugonjwa huu haukuwapata wote kwa kiasi sawa. Waliopatwa zaidi walikuwa wanawake maskini wa Kiislamu. Hawa, ndugu zangu, ndio walionifanya niandike.

Fikirini jinsi matokeo kama hayo yangeweza kusomwa katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Wanawake wale wengi walikuwa wa kutawa, hawatoki hovyo, hawaoni jua sana. Ilikuwa rahisi kuandika kwamba maradhi yanatokana na dini yao, au na buibui, au na damu ya kabila lao, kisha faili likafungwa. Lucy Wills aliuliza wanakula nini. Akishirikiana na daktari S. N. Talpade, alipima vyakula vya wanawake wa tabaka mbalimbali za mji, wenye nacho na wasio nacho, Wahindu na Waislamu. Alichunguza pia kinyesi chao kuona kama kuna minyoo au vijidudu vinavyoweza kueleza ugonjwa, na maambukizo hayakueleza. Kilichoeleza ni sahani. Wale waliougua sana walikula nafaka nyingi, na mboga na matunda kidogo mno. Dini ilikuwa alama tu ya mahali umaskini ulipokaa katika mji ule, na kutawa kulizidisha dhiki ya mtu ambaye tayari hana cha kununulia mboga. Wanawake wa Kiislamu wenye uwezo walikuwa na sahani nyingine.

Sisemi haya kumpamba. Alikwenda India kwa mlango wa serikali ya kikoloni, na akina mama wale aliowatibu na kuwachunguza sisi leo hatuyajui majina yao. Tunajua dini yao, umaskini wao, na hesabu ya chembe za damu yao. Hata hivyo namshukuru mtu aliyeona dini ya mgonjwa na asiifanye kuwa jibu.

Sasa tuangalie chenyewe kilichokuwa kinatokea ndani ya miili ile. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Kila chembe nyekundu huishi siku kama 120, kwa hiyo mwili hauna mapumziko, ni lazima utengeneze nyingine kila saa. Kazi hiyo inataka vitu viwili vya aina tofauti. Cha kwanza ni chuma, ambacho hukaa katikati ya himoglobini na kushika hewa ya oksijeni. Cha pili ni vitamini za kundi B, hasa foleti na B12, ambazo chembe huzihitaji ili kunakili vinasaba vyake na kugawanyika. Chuma kikikosekana, chembe zinatoka ndogo na zimepauka. Foleti ikikosekana, chembe inaendelea kukua lakini haiwezi kugawanyika, na uboho unatoa chembe kubwa kupita kiasi, chache, zisizodumu. Kwa hiyo mtu mwenye hadubini anaweza kuangalia tone la damu na kukisia ni kipi kimepungua. Katika damu ya akina mama wa Bombay, Lucy Wills aliona chembe kubwa.

Chembe kubwa zilikuwa zinajulikana. Kulikuwa na ugonjwa wa damu wa watu wazima wa Ulaya na Marekani uliokuwa ukiua kila aliyempata, mpaka mwaka 1926 Minot na Murphy wa Boston walipoonyesha kwamba mgonjwa akila ini kwa wingi kila siku anapona. Basi jambo la kawaida lilikuwa kudhani kwamba ugonjwa wa Bombay ni huo huo. Lakini ini lilikuwa ghali, na watu wengi wa India hawali nyama. Alihitaji kitu ambacho maskini angeweza kukipata.

Alianza na panya. Pamoja na M. M. Mehta aliwalisha panya chakula kama cha wale wanawake maskini wa Kiislamu, na panya wenye mimba wakapungukiwa damu na kufa kabla ya kuzaa. Ilionekana ameshapata jibu, lakini ikagundulika kwamba panya walikuwa na chawa, na chawa walikuwa wakiwaambukiza kijidudu kinachoharibu damu. Sehemu ya matokeo ikabidi itiliwe shaka. Wengi wetu tungeficha daftari. Yeye aliacha panya akahamia kwa tumbili, ambao chakula chao na damu yao vinakaribia vyetu zaidi. Alifanya kazi pia Coonoor, katika vilima vya Nilgiri, kwenye Taasisi ya Pasteur alikokuwa Robert McCarrison, mtafiti mkubwa wa lishe wa India wakati huo. Na mwaka 1931 alikuwa Madras, katika hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wanawake wa kutawa, Waislamu na Wahindu wa tabaka za juu, ambao wasingekubali kutibiwa mbele ya wanaume.

Alijaribu vitamini A na C, hazikusaidia. Kisha akajaribu hamira. Inasimuliwa kwamba tumbili mmoja alikuwa amekaribia kufa, akapewa Marmite, ule urojo mweusi wa chumvi ambao Waingereza hupaka kwenye mkate, unaotengenezwa kwa hamira. Tumbili akainuka. Akawapa wagonjwa wake wajawazito, na ndani ya siku chache chembe changa zikaanza kumiminika kutoka kwenye uboho. Wanawake waliokuwa wakisubiri kifo wakakaa kitandani, wakaomba chakula. Mwaka 1931 alichapisha matokeo hayo katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Najua wenzangu wa darasa la fiqhi wameshasimama hapo: hamira ile hutoka kwenye viwanda vya pombe. Suala hilo lina mlango wake katika istihala, nami nawaachia. Nitasema tu kwamba kile kilichoponya hakimo kwenye hamira peke yake. Kimo kwenye maini, maharage na majani ya kijani.

Kitu chenyewe hakikuwa na jina. Watu walikiita kigezo cha Wills, na kwa miaka kumi hakuna aliyeweza kukitenga. Alirudi Royal Free akaendelea kukichimba, na katika miaka ya 1937 na 1938, yeye na wenzake walionyesha jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hata ugunduzi wa kwanza. Dawa ya ini iliyosafishwa sana, ile iliyowaponya wagonjwa wa Ulaya, haikuwaponya wagonjwa wa aina ya Bombay. Ini lisilosafishwa liliwaponya. Maana yake kulikuwa na vitu viwili ndani ya ini, na kusafisha kulitupa kimoja. Leo tunajua kilichobaki ni B12 na kilichotupwa ni foleti.

Viwili hivi hushirikiana kazi moja ndani ya chembe lakini safari zao mwilini hazifanani. B12 hupatikana kwenye vyakula vya wanyama, yaani nyama, samaki, mayai na maziwa, na haiwezi kuingia vizuri mpaka tumbo litoe protini maalumu ya kuibeba hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Ini huweza kuiweka akiba ya miaka. Foleti huingia mapema, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na akiba yake ni ya miezi michache tu. Mimba inaimaliza haraka kwa sababu mtoto ni chembe zinazogawanyika usiku na mchana. Malaria nayo huongeza mahitaji, kwa kuwa huvunja chembe za damu. Isitoshe, foleti huharibika kwa moto mrefu na hukimbilia kwenye maji ya kupikia. Sombe inayochemka nusu siku na maji yake kumwagwa imepoteza sehemu kubwa ya kile bibi zetu wanachotuambia tunakula. Lengalenga iliyochomwa na mvuke kidogo tu ina nafuu zaidi.

Mwaka 1941 wanasayansi wa Texas walichukua tani nne za mchicha wa Kizungu, wakazichuja mpaka wakapata chembechembe kidogo za kitu hicho, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini la jani. Ndiyo asidi ya foliki. Miaka michache baadaye kundi la Lederle, Marekani, likiongozwa na Yellapragada Subbarow, Mhindi mzaliwa wa Bhimavaram, likaweza kuitengeneza maabara. Nilipenda nilipojua hivyo. Swali lilitoka Bombay, na aliyeongoza kazi ya kulikamilisha jibu lake alikuwa mtoto wa India.

Vita vya pili vilimkuta London. Mwezi Julai 1944 bomu la kuruka la Wajerumani liliipiga Royal Free na kuvuruga maabara, lakini aliendelea, na vita vilipokwisha ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya uchunguzi wa maradhi na aliyeanzisha hapo kitengo cha damu. Miaka hiyo ya mgao wa chakula aligeukia upande wa pili wa kidonge cha mama yangu: alichunguza kama kuwapa chuma wajawazito kunazuia damu yao kushuka.

Chuma kina tabia yake. Mwili wa mtu mzima una kama gramu tatu hadi nne tu, na hauna njia ya makusudi ya kukitoa, kwa hiyo unabana mlangoni. Kila siku huingia miligramu moja au mbili, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na nyingine zaidi ya ishirini hupatikana kwa kuvunja chembe zilizozeeka na kutumia chuma chake upya. Ini ndilo bawabu. Likiona akiba imejaa au mwili una uvimbe au maambukizo, hutoa homoni ya kufunga mlango. Chuma cha nyama na samaki hupita kwa urahisi zaidi. Cha maharage na majani hupita kwa shida, na hupita vizuri zaidi kikifuatana na limau au chungwa. Chai inakishika na kukizuia. Mimba moja nzima hutaka kama gramu moja ya chuma. Linganisheni na zile miligramu mbili za mlangoni, mtaona kwa nini kituo cha afya kinatoa vidonge, na kwa nini mama aliyeviacha aliishiwa.

Nimewatazama dada zangu wa bweni mwezi wa Ramadhani. Futari ni chai nzito ya rangi, maandazi, na maharage, vyote kwa pamoja, kisha daku tena chai. Kufunga hakumalizi damu ya mtu mzima mwenye afya. Lakini chai ile ingesubiri saa moja au mbili baada ya maharage, na ndagala wawili na kipande cha limau havigharimu sana. Na mjamzito anayejihofia au kumhofia mtoto wake, wanazuoni walishampa ruhusa ya kufungua kabla ya hadubini kuwepo. Anayemlaumu ajifunze kwanza.

Lucy Wills alistaafu mwaka 1947, lakini aliendelea kusafiri, Jamaica, Fiji na tena Afrika Kusini, akiangalia yale yale: wanawake wanakula nini na damu yao ikoje. Hakuolewa. Alipenda kupanda milima na kuteleza kwenye theluji, na kazini alikwenda kwa baiskeli wakati wakubwa wenzake wakiendesha magari. Miaka yake ya mwisho alikuwa diwani wa chama cha Labour katika mtaa wa Chelsea, London. Alifariki tarehe 16 Aprili 1964. Hakuwahi kuona utafiti wa mwaka 1991 uliothibitisha kwamba mwanamke akimeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo hupungua sana.

Mdogo wangu sasa ana miaka minane. Nimempa mama nakala ya makala hii aisome kwanza kabla sijaileta kwa mhariri, naye akaniambia niwaombee dua wale akina mama wa Bombay, kwani wao ndio waliotutangulia katika maradhi yake. Allah awarehemu, wao na watoto waliokufa nao, na awajaalie wawe miongoni mwa mashahidi. Amin.